Maswali ya miamba yanayojirudia kila siku, na majibu yake

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza tena na tena, mwingine anakuja na jiwe mfukoni, mwingine anatuma picha, mwingine anajenga na fundi kamwambia kitu ambacho hakuelewa. Nimeyapanga kuanzia yale mepesi mpaka yale yanayoleta ubishi. Kama jibu lako limeshaelezwa kwingine nitakuelekeza huko.

## Mwanzo kabisa

Jiwe, mwamba na madini, si kitu kimoja?

Hapana. Madini ni kitu chenye kemikali zake maalum na mpangilio wake wa ndani, mfano kwatzi, ulanga, chumvi ya mawe, almasi. Mwamba ni madini yaliyokusanyika na kushikana, mara nyingi ya aina kadhaa. Chukua kipande cha granaiti ukitazame juani: vile vipande vinavyofanana na vioo vya kijivu ni kwatzi, vyeupe au vya pinki ni feldspa, na vile vinavyometameta na kubanduka kama karatasi ni ulanga. Madini matatu, mwamba mmoja. Jiwe ni neno letu la kila siku tu kwa kipande cha mwamba, kiwe kikubwa au kidogo.

Ila kuna miamba iliyo karibu madini matupu ya aina moja, mfano mawe ya chokaa safi ni kalsaiti tupu. Bado ni mwamba.

Kwa nini makundi ni matatu tu, wakati mawe yana rangi na sura elfu moja?

Kwa sababu hayapangwi kwa sura, yanapangwa kwa namna yalivyozaliwa. Njia kubwa ni tatu: kitu kilichokuwa kimeyeyuka kwa moto kikapoa na kuganda (miamba ya moto), vitu vilivyosombwa au kujikusanya vikajipanga na kushikana (miamba tabaka, wengine wanaiita ya mashapo), na mwamba uliokuwepo tayari ukabanwa na kupashwa joto mpaka ukawa kitu kingine bila kuyeyuka (miamba geu). Basi.

Rangi ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Kuna basalti nyeusi, kuna mawe ya chokaa meusi, kuna marumaru nyeusi, na hayo matatu yamezaliwa kwa njia tatu tofauti. Ukitaka kujua jiwe angalia chembe zake: ni kubwa au ndogo, zimeng'ang'aniana kama zimeota pamoja au zimegandishwa kwa kitu katikati, zimetapakaa ovyo au zimelala upande mmoja. Ukishika hilo umeshapata nusu ya kazi.

Je, mwamba unaweza kuhama kundi?

Ndiyo, tena unahama. Granaiti inalika na mvua inakuwa mchanga, mto unaubeba mchanga mpaka ziwani au baharini, unafukiwa unakuwa mwamba tabaka, huo ukizama chini sana unakuwa geu, na ukiendelea kupata joto unayeyuka unarudi kuwa wa moto. Lakini hakuna ratiba na hakuna mpangilio wa lazima, mwamba wa moto unaweza kwenda moja kwa moja kuwa geu bila kupitia mchanga, na mwamba tabaka unaweza kuinuliwa ukalika ukawa mchanga tena. Ule mchoro wa shuleni wenye mishale ya duara umewafanya wengi wafikiri ni foleni. Sio foleni.

## Miamba ya moto

Kwa nini mwingine una chembe kubwa na mwingine ni laini kabisa, kama wote ulitoka kwenye moto?

Ni muda wa kupoa. Rojo ya moto ikibaki kilomita kadhaa chini ya ardhi inapoa taratibu mno, malaki ya miaka mpaka mamilioni, kwa hiyo fuwele, yaani zile chembe za madini zinazoota rojo ikiganda, zinapata nafasi ya kukua mpaka unaziona kwa macho. Ndiyo granaiti hiyo. Ikitoka nje kama lava inapoa kwa siku au wiki, fuwele zinabaki ndogo huwezi kuziona bila lensi, ndiyo basalti. Ikipoa ghafla kabisa haina hata muda wa kutengeneza fuwele, inakuwa kioo, ndiyo obsidiani, ile nyeusi inayopatikana maeneo ya Naivasha na Eburru na ambayo watu wa zamani walichonga visu vyake kwa maelfu ya miaka kwa sababu inapasuka na kuacha makali kama wembe.

Wataalamu wanaongeza kipimo cha pili, kiasi cha silika, yaani ile kemikali inayotengeneza kwatzi. Basalti ina silika kama asilimia 45 hadi 52, granaiti inapita 65. Silika nyingi kwa kawaida mwamba unakuwa mweupe-mweupe na rojo yake nzito, silika kidogo mwamba unakuwa mweusi na mzito mkononi na lava yake inatiririka kirahisi. Kwa hiyo jina la mwamba wa moto ni maswali mawili tu: ulipoa wapi, na una silika kiasi gani. Gabro na basalti zina kemikali zilezile, tofauti ni kwamba gabro ilipoa chini na basalti ikapoa juu.

Kuna wakati unakuta jiwe lina fuwele kubwa zimekaa ndani ya unga laini. Hilo lilianza kupoa taratibu chini halafu likatolewa nje ghafla. Kibo pale Kilimanjaro kuna lava ya namna hiyo, yenye fuwele za feldspa zenye umbo la msambamba, waliopanda mlima wengi wamezikanyaga bila kujua.

Nani aliyapanga mawe ya Mwanza?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mtu anaona Jiwe la Bismarck limesimama ziwani, au mawe makubwa kama nyumba yamebebana juu ya vilima, anasema lazima kuna mtu au kitu kiliyaweka. Wengine wanasema volkano iliyarusha. Hapana, hayajatoka popote, yako palepale yalipozaliwa.

Ile ni granaiti ya zamani mno, umri wake unazidi miaka bilioni 2.5, na iliganda chini sana ardhini. Miaka ikaenda, ardhi ya juu ikalika, mzigo ukapungua, mwamba ukatanuka ukapata nyufa, nyufa za wima na za ulalo, kama tofali zilizopangwa. Maji ya mvua yakapita kwenye nyufa na kuozesha mwamba kuanzia kwenye nyufa hizo. Sasa fikiria tofali linaloozeshwa pande zote: kona inashambuliwa kutoka pande tatu, ukingo pande mbili, uso upande mmoja, kwa hiyo kona zinaisha kwanza na kinachobaki katikati ni kitu cha mviringo. Yote haya yanatokea CHINI ya udongo, bado hakuna anayeona. Baadaye mvua inasomba ule mwamba uliooza na vile viini vigumu vinashuka kidogo na kukaliana, ndiyo unaona mawe yamepangwa.

Ukitaka ushahidi nenda mahali walipochonga kilima kupitisha barabara kwenye nchi ya granaiti, angalia ukutani. Utaona viini vya mviringo vimezungukwa na mwamba uliooza unaopukutika kwa kidole, vingine vinabanduka maganda kama kitunguu. Kit Mikayi kule karibu na Kisumu nako habari ni hiyohiyo ya nyufa na maji.

Wapasua mawe wanaowasha moto juu ya jabali ili libanduke wanatumia kanuni inayofanana kidogo, sehemu iliyopata moto inatanuka, ya chini haitanuki, mwamba unaachana.

Ni kweli lava ya Ol Doinyo Lengai si ya kawaida?

Kweli kabisa, na duniani kwa sasa hakuna volkano nyingine hai inayotoa lava kama ile. Lava za kawaida ni za silika. Ya Lengai ni ya kaboneti, jamii ya magadi na chokaa, imejaa sodiamu, inaitwa natrokabonataiti. Joto lake ni kama nyuzi 500 mpaka 600 wakati basalti inatoka na nyuzi kama 1,100 au zaidi. Mchana inaonekana kama tope jeusi au oili chafu, inatiririka kwa wepesi wa ajabu, na usiku inang'aa wekundu hafifu tu. Ikishapoa inakutana na unyevu wa hewani, na ndani ya siku au wiki chache inageuka nyeupe, ndiyo maana wengi walioona kilele kwa mbali walidhani ni theluji.

Lakini mlima wenyewe haujajengwa kwa lava hiyo tu, sehemu kubwa ni majivu na mawe ya silika. Na isikudanganye kwamba ni mpole: mwaka 2007 na 2008 ililipuka na kurusha majivu juu sana.

Jiwe la kusugulia kisigino ni nini?

Ni lava iliyojaa mapovu ya gesi ikaganda nayo. Lile jepesi la kijivu linaloelea kwenye beseni ni pumisi. Lile jeusi au jekundu lenye matundu lakini linalozama ni aina nyingine ya lava yenye mapovu, kawaida ni ya basalti. Yote ni miamba ya moto.

## Miamba tabaka

Mchanga unawezaje kuwa mwamba, wakati mchanga wa ufukweni hauwi?

Unahitaji vitu viwili, uzito juu na gundi katikati. Mchanga ukifukiwa chini ya mashapo mengine mamia ya mita, chembe zinabanwa na maji yanatolewa. Halafu maji yanayobaki yanapita humo yakiwa na madini yaliyoyeyuka, mfano kalsaiti, silika au kutu ya chuma, yanajiganda katikati ya chembe. Mawe ya mchanga mekundu yana gundi ya kutu. Mchanga wa ufukweni haujafukiwa bado, ndiyo tofauti.

Majina ya kundi hili yanafuata ukubwa wa chembe, na vipimo vyake viko wazi: zaidi ya milimita 2 ni changarawe, kuanzia milimita 2 kushuka mpaka 0.06 hivi ni mchanga, chini ya hapo ni tope na udongo wa mfinyanzi. Changarawe za mviringo zikigandishwa pamoja zinaonekana kama zege, na kuna waliobishana nami kwamba ni zege kweli.

Kuna nyingine hazitokani na chembe za kusombwa: zinatokana na viumbe, kama matumbawe na makaa ya mawe, au zinabaki maji yakikauka, kama chumvi, jasi na magadi.

Nyumba za Mji Mkongwe na Kilwa zimejengwa kwa jiwe gani?

Mawe ya matumbawe, yaani mawe ya chokaa yaliyojengwa na viumbe vya baharini. Pwani yetu kuanzia Mombasa mpaka Kilwa na visiwani ina kingo za matumbawe ya kale yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo, sehemu kubwa ni ya miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ikashuka yakabaki nchi kavu. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba huo na imejengwa kwa mwamba huo.

Mafundi wa zamani walijua kutofautisha. Kuta walitumia mawe magumu ya nchi kavu, lakini kwa mihrabu na nakshi walichukua tumbawe hai kutoka baharini, maana likiwa bichi ni laini unachonga upendavyo, likikauka linakuwa gumu. Mimi naliona hilo kuwa elimu ya miamba ya hali ya juu, hata kama hawakuiandika. Na chokaa yao walipata kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya magogo: moto unaitoa gesi ya kaboni, unabaki unga, ukiuzima kwa maji na kuupaka ukutani unavuta gesi ile tena kutoka hewani na kurudi kuwa kama jiwe.

Magadi ya kuchemshia maharage ni mwamba?

Yakiwa bado ni ule ukoko mgumu ziwani, ndiyo, ni mwamba tabaka wa kukauka kwa maji. Ziwa Magadi kule Kenya halina mto wa kutokea, maji yanaingia na chumvichumvi za sodiamu kutoka kwenye miamba ya volkano inayolizunguka, jua linakausha maji, magadi yanabaki.

Kwa nini visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyotunzwa ndani ya mawe, vinapatikana kwenye kundi hili tu?

Karibu hili tu. Moto unaunguza, na kugeuka kunafuta. Tope na mchanga ndivyo vinavyofukia mfupa kwa upole. Tendaguru huko Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 kutoka kwenye mashapo ya miaka kama milioni 150, na kiunzi kimoja cha mifupa hiyo, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kimesimama Berlin mpaka leo. Majivu ya volkano nayo yanatunza vizuri, angalia swali la majivu huko chini.

## Miamba geu

Kugeuka si ndiyo kuyeyuka?

Sio. Ukiyeyuka umehama kundi, umekuwa wa moto. Kugeuka kunatokea mwamba ukiwa bado mgumu, kwenye joto la nyuzi kama 200 mpaka 800, pamoja na mgandamizo. Madini ya zamani yanavunjika na mapya yanaota humohumo ndani. Fikiria tofali bichi na tofali la kuchoma: halijayeyuka tanurini lakini ukilitoa si lile tena.

Kama mgandamizo unatoka upande mmoja, madini bapa kama ulanga yanalala yote upande mmoja, mwamba unapata mistari. Tope likianza safari hiyo linakuwa sleti, halafu shisti inayometameta, halafu naisi yenye mistari ya weupe na weusi. Naisi utaikuta kwa wingi Usambara, Upare na Uluguru, milima ambayo watu wengi wanafikiri ni ya volkano kwa sababu tu ni mirefu.

Marumaru niliyonunua dukani ni mwamba geu?

Uwezekano mkubwa hapana. Kwenye maduka yetu ya vifaa vya ujenzi neno marumaru limehamia kwenye vigae vya sakafuni, ambavyo ni udongo uliochomwa kiwandani. Marumaru yenyewe ni mawe ya chokaa yaliyogeuka, kalsaiti imekua upya ikawa fuwele kubwa zilizobanana. Dondosha ndimu kwenye marumaru ya kweli itaacha doa, kwa hiyo usilijaribu mezani kwa mtu.

Tanzanaiti inaingia kundi gani?

Tanzanaiti ni madini, sio mwamba (rudi swali la kwanza), lakini mwamba uliomo ni geu, ni naisi yenye madini ya kinywe (grafiti, ile ya kwenye penseli). Zamani sana palikuwa na tope la baharini lenye mabaki ya viumbe. Mabara yalipogongana tope hilo likashushwa chini na kugeuka, mabaki ya viumbe yakawa kinywe, na kwenye nyufa na mikunjo, miaka kama milioni 585 iliyopita, ikaota tanzanaiti. Rangi yake ya bluu inatokana na vanadiamu kidogo. Iligunduliwa mwaka 1967 pale Merelani na hakuna sehemu nyingine duniani inakochimbwa.

Na mawe ya sabuni ya Kisii?

Geu pia. Tabaka ni jina la mahali kule Kisii yanakochimbwa, lisikupeleke kwenye miamba tabaka. Ni laini unayachonga kwa kisu cha kawaida.

## Yale yenye utata

Majivu ya volkano yaliyoganda ni mwamba wa moto au tabaka?

Hapa hata wataalamu wanaandika kwa tahadhari. Kilichomo ndani kilitoka kwenye moto, lakini kilidondoka na kujipanga kwa matabaka kama mashapo. Unaitwa tufu, na vitabu vingi vinauweka kwenye familia ya volkano. Mimi naona ni sawa, mradi ukumbuke una tabia za pande zote mbili.

Na ni mwamba wa maana sana kwetu. Mawe mengi ya kujengea ya Nairobi na Thika, yale yanayokatwa kwa mashine kama ya Ndarugu, ni tufu, ndiyo maana yanakatika kirahisi na ni mepesi kuliko granaiti. Laetoli, watu wa kale walitembea juu ya majivu mabichi yaliyolowa mvua kidogo yakaganda kama saruji, miaka milioni 3.66 iliyopita, na timu ya Mary Leakey ikazikuta nyayo mwaka 1978.

Wanajuaje hiyo miaka?

Fuwele za volkano zina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo inageuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi isiyobadilika. Lava au majivu yakiwa ya moto agoni ya zamani inatoroka, kwa hiyo saa inaanza sifuri. Ukipima agoni iliyokusanyika tangu hapo unapata umri. Olduvai walipima hivyo mwaka 1961 wakapata miaka milioni 1.75 kwa tabaka lenye fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Mchanga hauwezi kupimwa hivyo moja kwa moja kwa sababu kila chembe ina umri wa mwamba ilikotoka, ndiyo maana tufu ikiwa juu na chini ya mfupa wachimbaji wanafurahi.

Granaiti nyeusi ya jikoni mbona haina ulanga wala kwatzi?

Kwa sababu kwa kipimo cha jiolojia si granaiti. Biashara inaita granaiti karibu kila mwamba mgumu unaong'arishwa. Ile nyeusi mara nyingi ni gabro au ndugu zake. Hujatapeliwa, ni imara vilevile, ila jina ni la dukani.

Moramu, tofali, zege?

Moramu ni mwamba uliooza kwenye joto na mvua, vingine vikasombwa, chuma kikabaki na kuganda. Wengine wanauhesabu mwamba, wengine udongo, mimi nausogeza upande wa udongo. Tofali na zege ni kazi za mikono, hazimo.

Kimondo cha Mbozi ni mwamba gani?

Hakimo katika makundi yote matatu. Ni chuma kwa karibu asilimia 90 na nikeli, kina takriban tani 16, na kilitoka angani.

## Kupima mwenyewe

Nina jiwe mkononi, sina maabara. Nianzie wapi?

Livunje kwanza, kinga macho kwa miwani maana vipande vinaruka. Uso wa nje umeoza na kuchafuka, hauna habari. Loweka ule uso mpya kwenye maji, chembe zitaonekana vizuri, hata kwa kamera ya simu.

Kisha ugumu. Ukucha unakwaruza talki na jasi. Kisu cha chuma kinakwaruza kalsaiti lakini kwatzi hakiigusi, na kwatzi inakwaruza kioo. Hii peke yake inamaliza ubishi mwingi wa "nimeokota almasi" na "hii ni marumaru".

Halafu siki au ndimu. Kwangua unga kidogo, dondoshea: ukitoa povu ni jamii ya chokaa. Tafadhali usitumie asidi ya betri, nimeona mtu ameungua vidole.

Mwisho mpangilio. Chembe zimeng'ang'aniana bila mwelekeo, anza kufikiria moto. Chembe za mviringo zilizogandishwa, au kuna kipande cha kombe la bahari, ni tabaka. Mistari inayometameta upande mmoja, ni geu. Na ukikwama kati ya matabaka na mistari ya geu, jaribu kuangalia kama ile mistari imejikunja ndani ya jiwe lenyewe, na kama ni chembe zilizojipanga au ni fuwele zilizoota zikiwa zimelala. Zikiwa zimeota, ni geu.